Jicho lilibanduka, kisha nami nikabanduka

Jumapili iliyopita usiku nilikaa kujibu jumbe zenu, nikakuta mmoja wa binti aliyeko chuo Mwanza. Ameandika hivi: "Dada shikamoo. Tangu juzi naona vitu vyeusi vinaelea jichoni kama nzi, nikivifuata vinakimbia. Pembeni naona kama mtu ananipiga picha na flashi. Halafu siku hizi najihisi kama naota, watu wakiongea nawaona kama wako kwenye luninga. Mitihani ni mwezi ujao. Haya ni macho au ni akili? Naogopa kumwambia mama."

Nilimpigia hapo hapo. Nikamwambia, mdogo wangu, kesho usiende darasani. Nenda hospitali ya Bugando, kitengo cha macho, waeleze neno kwa neno kama ulivyoniandikia, na usitoke kabla hawajakutia dawa ya kutanua mboni wakaangalia nyuma ya jicho. Akaniuliza, "Hata kama haliumi?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Na mimi niliuliza hivyo hivyo. Jicho langu halikuuma hata siku moja, mpaka nuru ikaondoka.

Nilikuwa na miaka 36, nimebakiza masomo mawili ya CPA, ile mitihani ya uhasibu. Mnaonisoma hapa mnayajua maisha hayo: kazini kuanzia saa mbili asubuhi, ukirudi unapika, watoto wakilala ndiyo unafungua vitabu mpaka saa nane za usiku. Miwani navaa tangu darasa la tano, na jicho la kulia lilikuwa limefika mainasi tisa, yaani halioni mbali kabisa bila miwani. Usiku wa Jumanne moja ya Septemba nilikuwa napiga hesabu za kodi, mara jicho hilo likajaa vitu. Ilikuwa kama mtu amemwaga unga wa pilipili manga kwenye glasi ya maji akaukoroga. Nikafuta miwani, nikanawa uso, vikabaki. Nilipozima taa nikaona mmweko kwenye kona ya nje ya jicho, kama umeme wa mvua ya mbali kwetu Lushoto, ila kimya.

Alhamisi nilikwenda kituo cha afya karibu na kazini. Sitakitaja. Aliyenipokea alikuwa anaandika huku mimi naongea, na sikumbuki kama aliniangalia usoni. "Macho yamechoka, punguza simu." Akaniandikia matone ya aleji. Sikukaa pale hata dakika tano, na nilitoka nimefurahi, jambo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu nilitaka sana kuambiwa si kitu ili nirudi kwenye vitabu vyangu. Hakunitia dawa ya kutanua mboni. Hakufunika jicho moja kupima jingine. Nimesamehe mengi maishani, hili bado nalifanyia kazi.

Siku sita nikatia matone. Jumatano asubuhi napiga mswaki, nikaona giza kwenye kona ya chini upande wa pua, linapanda taratibu kama maji kwenye ndoo. Jioni mwanangu aliponisogelea, sura yake haikuwa na kidevu. Alhamisi nikawa mbele ya daktari bingwa wa retina Dar es Salaam, nimekwisha chelewa.

Yeye ndiye aliyenieleza, na ningependa kila mwenye miwani mizito aelezwe hivi akiwa bado mzima. Ndani ya jicho kuna ute mzito mfano wa ute wa yai, karibu wote ni maji, umeshikiliwa na nyuzi laini sana. Umri unapokwenda, hasa ukipita miaka 50, ute huo hulainika, husinyaa na kujivuta kutoka kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga. Nyuzi zikikusanyika hutupa kivuli juu ya retina, na kivuli hicho ndicho unachokiona kama nzi, kiuzi au utando wa buibui. Retina haijui maumivu. Inajua mwanga tu, kwa hiyo ikivutwa hupeleka habari ya mwanga kwenye ubongo, hata kama umefumba macho gizani. Kwa watu wengi mambo huishia hapo, ute unaachia salama na nzi wanabaki kama kero. Kwa wachache, pale uliposhikamana sana, unapoachia unachana retina. Maji yanapenya kwenye mchaniko yanaingia nyuma yake, na retina inabanduka.

Nilisoma sekondari Tanga mjini. Nazijua zile kuta za nyumba za zamani: unyevu ukishapata pa kuingilia, chokaa inajitenga na jiwe kipande kwa kipande, na ukigusa hapa inaachia pale. Alipokuwa akinieleza nilikuwa naziona kuta zile.

Mchaniko wangu ulikuwa juu, upande wa sikio. Picha huingia jichoni kichwa chini, kwa hiyo giza nililiona chini upande wa pua. Kinachobanduka juu huteremka haraka, na siku ile kilikuwa kimeshafika katikati ya retina, kile kidoa kidogo tunachosomea na kutambulia nyuso. Kama ningefika wakati bado ni mchaniko tu, wangeuzungushia leza na ningerudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kama ningefika kabla katikati hapajaguswa, ningekuwa na nafasi nzuri ya kubaki na jicho la kusomea. Nilimuuliza huku nalia kama vitabu ndivyo vilivyonifanya hivi. Akasema hapana. Kusoma hakuchani retina, wala simu haiichani. Jicho lisiloona mbali ni refu kuliko kawaida, retina yake imenyooshwa ikawa nyembamba, na ute wake husinyaa mapema. Wengine wenye hatari ni waliopigwa jichoni, waliotolewa mtoto wa jicho, na ambao ndugu zao wamewahi kubandukiwa.

Nikiwa nimelala kifudifudi baada ya upasuaji, binamu yangu alinisomea habari za Jules Gonin, daktari wa Lausanne, Uswisi. Kabla yake wagonjwa wa aina yangu walilazwa kitandani tu, na karibu wote walipofuka. Yeye ndiye aliyewasadikisha wenzake katika miaka ya 1920 kwamba lazima utafutwe mchaniko wenyewe na kuzibwa. Nilimwombea dua mtu ambaye sikuwahi kumjua.

Nilifanyiwa upasuaji kwa ganzi. Walitoa ute, wakailaza retina, wakapiga leza kuzunguka mchaniko, wakajaza gesi ya kuikandamiza mpaka ishike. Nikapewa masharti: uso chini siku saba, usiku na mchana, na nisipande ndege mpaka gesi iishe. Kisha daktari akauliza kwetu ni wapi. Niliposema Lushoto, akakataa. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda mlima hewa ya nje inapungua, gesi iliyo jichoni inatanuka, na presha inaweza kuliua jicho. Kwa hiyo nilikaa kwa shangazi, Tabata, wiki nane, mama yangu nikimsikia kwenye simu tu. Mengi ya wiki zile hayana habari.

Ilikuwa wiki ya tatu ndipo lilipoanza lile jambo la pili, ambalo kwa muda mrefu sikulisema kwa mtu.

Tulikuwa Mwenge na binamu. Ghafla nikajiona niko nyuma ya kioo na dunia iko upande wa pili. Sauti zilikuwa zinafika, lakini kutoka mbali. Nikaangalia mikono yangu nikaiona kama ya mtu mwingine. Nyumbani shangazi akaniletea chai: nilijua fika huyu ni shangazi, ila ile hisia ya kuwa ni shangazi haikuja. Sikuwa nalala. Nilikuwa nawaza kupofuka, kufukuzwa kazi na mitihani ya Novemba iliyokuwa inanipita, na kazini walishaanza kusema kwamba najifanya. Nikaamini sasa na akili inakwenda. Shangazi akasema ni majini, akamwita ustadhi. Dua zilinituliza, sikatai. Lakini hali ilirudi.

Daktari wa afya ya akili aliniuliza jambo moja nisilolisahau: "Unaamini kwamba dunia si ya kweli, au unahisi hivyo?" Nikasema nahisi, najua ni ya kweli. Akasema jibu hilo ndilo linalotofautisha. Hali hii ina jina: kujitenga na nafsi, ukijiona wewe mwenyewe si wewe, na kujitenga na uhalisia, vinapokuwa vitu na watu ndio wanaoonekana kama ndoto. Hofu kali, kukosa usingizi, mshtuko wa hofu na bangi vinaweza kuileta. Akili ikizidiwa inapunguza hisia, kama mtu anavyoteremsha sauti ya redio. Aliuliza pia kuhusu kifafa, kipandauso, kuumia kichwa na dawa nilizokuwa natumia, maana nazo zinaweza kuleta hali inayofanana na hiyo.

Halafu akaniambia kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa amekifikiria. Sehemu ya ugeni ule ilikuwa ni jicho lenyewe. Nilikuwa naona kwa jicho moja, jingine lina gesi inayotikisika kama maji kwenye chupa. Nilikuwa namimina chai nje ya kikombe. Dunia ilikuwa imebadilika kweli machoni, hofu ikaongezea yake. Na hofu ilikuwa inanifanya nikodolee ukuta mweupe kuhesabu nzi wa jicho la kushoto, nikiwahesabu wanazidi, wakizidi naogopa, nikiogopa kioo kinarudi.

Sasa nisikilizeni. Msianze kwa kujiuliza kama ni macho au akili, anzeni na macho, leo. Nzi wengi wa ghafla, mimweko, pazia au kivuli kinachotoka upande wowote: hospitali yenye daktari wa macho, leo. Duka la miwani halitoshi. Asali, maziwa ya mama na majani ya jirani visiingie jichoni. Sema wazi, "Naomba mnitie dawa ya kutanua mboni," na mtu akikupa matone bila kuangalia nyuma ya jicho, ondoka uende kwingine. Usione haya. Haya zangu zilinigharimu siku sita. Nenda na mtu, kwa sababu dawa hiyo itakufanya uone ukungu kwa saa kadhaa.

Wale wenye nzi wawili watatu wa siku zote, ambao hawajaongezeka, wasiwe watumwa wao. Mimi nina kalenda ukutani. Kila asubuhi nafunika jicho moja naiangalia, nafunika jingine naiangalia, basi. Sihesabu tena mpaka kesho yake.

Na kile kioo, usikae nacho peke yako. Lala. Wallahi, lala, hakuna mtihani wenye thamani ya akili yako. Shika kitu cha baridi, taja kwa sauti unachokiona mbele yako, usijipime kila dakika kama umerudi. Kikikaa wiki na wiki, au ukianza kuwaza kufa, nenda kwa daktari wa akili kama unavyokwenda kwa wa macho. Kwangu kilipungua taratibu kwa miezi minne. Jicho la kulia linaona, ila mistari ya daftari kwalo imepinda. CPA niliimaliza mwaka uliofuata, somo la mwisho na la kodi, na nayasema haya kifua mbele.

Binti wa Mwanza alinipigia jana. Wamemkuta na mchaniko mdogo, maji yalikuwa hayajapenya, amekwisha pigwa leza. Mama yake amefika, analala naye chumba kimoja. Ameniuliza kama wale nzi wataondoka. Nimemwambia wangu wa kushoto bado ninao. Mmoja ana umbo la ndoano, na asubuhi nikitazama mbingu ndiye wa kwanza kupita.