Paka Wetu na Likizo Ndefu

SWALI: Ndugu Mshauri, sisi ni wanafunzi wanne wa chuo tuliopanga nyumba moja Changanyikeni, Dar es Salaam, kila mtu ana chumba chake, lakini jiko, choo na sebule tunatumia pamoja. Mwanzoni mwa muhula mwenzetu alileta paka jike mchanga kwa sababu panya walikuwa wametushinda, nasi hatukupinga. Sasa mmoja wetu mwenye pumu anabanwa kifua mara kwa mara, na mwingine anadai kwamba ikiwa paka ameruhusiwa, naye ana haki ya kuleta mbwa. Mkataba wetu na mama mwenye nyumba hautaji wanyama kabisa. Je, ukimya huo ni ruhusa?
Mpangaji, Changanyikeni

JIBU: Ndugu Mpangaji, mkataba usiotaja wanyama haujawaruhusu wala haujawakataza, ila mlango uliokwaruzwa na kochi lililonuka mkojo mtadaiwa ninyi. Mwendeeni mama mwenye nyumba kabla hajaambiwa na majirani, na akikubali mwombeni aandike sentensi mbili chini ya mkataba na kuweka sahihi, kwa maana ruhusa ya mdomo husahaulika upesi siku mnapogombana kuhusu kodi.

La mwenye pumu litangulie mengine yote. Kinachomsumbua mwenye mzio wa paka si manyoya yenyewe bali protini iliyomo katika mate na ngozi ya paka, ambayo hukauka, ikapeperuka na kutua kwenye mapazia na magodoro, kwa hiyo kufagia peke yake hakutoshi. Paka asiingie chumbani mwake kamwe, na mwenzenu amwone daktari ili ijulikane kama chanzo ni paka au ni vumbi. Ikithibitika kuwa ni paka, paka ahame, hata kama watatu mnampenda. Kifua cha mtu hakipigiwi kura.

Kuhusu mbwa, hoja ya mwenzenu haisimami. Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, ilhali paka hana hukumu hiyo. Katika jiko la pamoja, akiwepo hata mpangaji mmoja wa namna hiyo, mbwa atakuwa mzigo wake kila siku. Sijataja bado kelele za usiku wa kuamkia mtihani.

Paka naye huweza kuambukizwa kichaa cha mbwa, hivyo akitimiza miezi mitatu muulizeni afisa mifugo wa kata kuhusu chanjo, na mtunze kadi yake. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Sumu ya panya nayo iondoeni, kwa sababu paka akila panya aliyekula sumu anaweza kufa.

Jambo ambalo hukuliuliza ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: chuo kikifungwa kwa likizo ndefu na ninyi nyote mkarudi makwenu, paka huyu atabaki na nani? Aliyezoea kuwekewa dagaa kila jioni hageuki mwindaji kwa siku moja, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Isitoshe, paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi sita hivi, hata kabla ya hapo, na huibeba kwa takriban wiki tisa, kwa hiyo asipofungwa kizazi mnaweza kufunga mabegi huku watoto watano wakilia chini ya kitanda. Aliyemleta aandike leo jina la mtu atakayemtunza miezi hiyo. Akikosa wa kumwandika, mtafutieni familia ya jirani sasa, angali mdogo, kwa kuwa paka mkubwa ni wachache wanaokubali kumpokea.