Nguvu ya kupiga besiboli inatoka mguuni

Mwaka wangu wa kwanza wa besiboli hapa Goma nilipiga kwa mikono tu. Nilikaba gongo, mabega yakakaza, na mpira ukaishia kubingirika hadi miguuni mwa mtupaji. Aliyenifumbua macho ni kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao inayosukumwa kwa mguu, aliyebeba viazi kutoka upande wa Kibumba. Goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma ardhi, mikono kazi yake kuongoza tu.

Kupiga ni vilevile. Kama unatumia mkono wa kuume, mguu wa kushoto uwe upande wa mtupaji. Panua miguu kupita mabega kidogo, kunja magoti. Mtupaji akijiandaa, egemea mguu wa nyuma. Mpira ukitoka mkononi mwake, piga hatua fupi na ukanyage taratibu, kama mtu anayepita pekupeku juu ya mawe ya volkano. Hapo kiuno kigeuke kwanza, kisigino cha nyuma kiinuke, mikono ifuate. Ndugu zangu, wengi wetu tunaharibu hapa! Mikono ikitangulia, kiuno hakina kazi tena, na nguvu yote ya mguu imepotea bure.

Muda wenyewe ni mdogo mno. Kwa watu wazima, mtupaji anasimama mita 18.44 kutoka kwa bamba la mpigaji, na mpira wa kilomita 145 kwa saa unafika kabla nusu sekunde haijaisha. Ndiyo maana lazima uwe umeegemea nyuma mapema.

Gongo lishike kwa vidole, lisizame kiganjani. Kidevu kianzie bega la mbele, kimalizie bega la nyuma, kichwa kikiwa palepale. Mimi nilikuwa nainua kichwa kutafuta mpira ulikokwenda kabla hata sijaugusa. Kuiacha tabia hiyo kulinichukua miezi.

Na utakosa sana. Mwaka 1941 Ted Williams, mpigaji wa timu ya Boston huko Marekani, alihesabiwa zamu 456 za kupiga akafanikiwa 185 tu, na msimu huo unasifiwa mpaka leo.

Mazoezi hayahitaji pesa nyingi. Chukua bidoni la njano la lita 20, lijaze changarawe, chomeka kipande kigumu cha bomba kifike kiunoni, weka mpira wa matambara juu. Bidoni likae mbele kidogo, usawa wa mguu wa mbele, maana hapo ndipo gongo linatakiwa kukutana na mpira. Piga hamsini kila jioni, polepole kwanza. Gongo letu tulichongewa na fundi wa chukudu kwa mti wa kalitusi. La kwanza lilikuwa zito, tukamrudishia alipunguze. Ukishindwa kulinyoosha mbele kwa mkono mmoja huku ukihesabu hadi kumi, nawe mrudishie. Na kabla ya kila pigo geuka utazame nyuma, kwa sababu watoto wa mtaani hupenda kusogea karibu.