Wasomaji Wauliza: Mgeni Myahudi na mfungo wa Tisha B'Av

SWALI: Natunza nyumba ya wageni Kirumba, Mwanza. Mgeni wangu Myahudi atakuwa hapa Julai 2026. Anasema tarehe 23 atafunga, hataki maji ya kuoga, na ameomba kigoda na majivu kidogo. Majivu ya nini jamani?

JIBU: Hiyo ni Tisha B'Av, siku ya tisa ya mwezi wa Av katika kalenda ya Kiyahudi. Wanaomboleza Hekalu la Yerusalemu: la kwanza lilibomolewa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo, la pili likateketezwa na Warumi mwaka 70. Ifikirie kama msiba, usiifananishe na Ramadhani: daku hakuna. Jua likishazama Jumatano tarehe 22, kwa Mwanza ni karibu saa moja jioni, hatagusa chakula wala tone la maji hadi nyota zitoke Alhamisi usiku, kama saa 25.

Majivu ni ya mlo wa mwisho. Jumatano kabla ya magharibi ataketi chini peke yake, ale mkate na yai la kuchemsha lililochovywa kwenye majivu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha, yawe ya kuni safi zisizowashwa kwa plastiki. Hapa ndipo ukarimu wetu unapoharibu: ukimwongezea mchuzi au maharage, vyakula vilivyopikwa vimekuwa viwili, na mlo huo hauruhusu. Yai mpe bichi pamoja na sufuria mpya, achemshe mwenyewe.

Kigoda ni cha kukalia mpaka jua liwe utosini Alhamisi. Msihesabu saa sita! Saa za Tanzania zinafuata jua la mashariki zaidi yetu, kwa hiyo utosi wa Mwanza mwezi huo ni karibu saa saba. Baada ya hapo anaweza kukaa kwenye kiti, lakini mfungo unaendelea.

Gumu kuliko yote kwa Msukuma ni salamu. Siku hiyo hawasalimiani. Ukimwamkia atajibu kwa sauti ya chini, lakini afadhali umpite kimya, na uwaonye wahudumu wasidhani amewakasirikia. Atavaa ndala au yeboyebo hata na suti, kwa kuwa viatu vya ngozi ni mwiko. Mkanda wa ngozi hauna shida. Asubuhi atanawa vidole tu, hadi vinapoungana na kiganja. Akikanyaga tope ataosha palipochafuka, basi.

Mashuka muulize mapema. Wengi, hasa wenye asili ya Ulaya, hawatandiki yaliyofuliwa tangu tarehe 1 Av, ambayo mwaka huo ni 15 Julai. Wengine hushika hilo juma la mfungo pekee. Badilisha kabla jua halijazama tarehe 14.

Akifungua Alhamisi usiku usimchomee mishkaki. Hekalu liliendelea kuungua siku ya kumi, hivyo nyama na divai husubiri mpaka jua liwe utosini Ijumaa. Mwekee ndizi mbivu na parachichi zima, na maji mengi.

SWALI: Mteja wangu Myahudi huacha nyama siku kadhaa kabla ya mfungo huo, lakini samaki anachukua. Nikimpa minofu anakataa. Samaki ni wale wale! – Muuza samaki, Mwaloni

JIBU: Katika siku tisa za mwanzo wa Av kinachoachwa ni nyama, kuku na divai, isipokuwa siku ya Sabato. Samaki anaruhusiwa, ila sheria yao ya mwaka mzima inadai awe na mapezi na magamba. Sato na sangara wanapita, kambare hana magamba. Minofu iliyochunwa haionyeshi ilitoka kwa nani, na meza yako ina wote. Muuzie samaki mzima, au bakiza ngozi yenye magamba kwenye kila kipande, na kisu kilichotoka kwa kambare kioshwe kwanza, mteja akiona.