Mama mwenye sukari na presha anaahirisha chanjo ya mafua: yaliyonisaidia mimi

Ndugu yangu uliyeuliza kuhusu mama yako wa Tandahimba, mwenye sukari na presha, ambaye daktari amemshauri achanjwe chanjo ya mafua naye kila ukimkumbusha anakujibu kwamba ataenda korosho zikishauzwa: nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu miaka michache iliyopita ningeliandika mimi. Mama yangu anaishi Nachingwea, ana maradhi hayo hayo mawili, na nilimchosha kwa maneno kwa muda mrefu kabla sijatambua kwamba alikuwa amekwisha kukubali moyoni, ila hakuna aliyempangia siku.

Nilianza kulielewa jambo hili mwaka 2021, wakati wa chanjo ya UVIKO-19. Chanjo ya kwanza kuletwa nchini, mwezi Julai, ilikuwa ya Janssen, ambayo chupa yake moja hutosha watu watano na ikishafunguliwa haikai zaidi ya saa sita. Nilikuwa nimemtumia mama ujumbe wa sauti mwingi, nikimhesabia waliokufa katika nchi za mbali, na kila ujumbe ulimwongezea hofu bila kumwonyesha pa kwenda. Siku alipokubali tulikwenda kwenye kituo kimoja, tukaambiwa tusubiri wapatikane wengine wanne ili chupa ifunguliwe. Hawakupatikana, tukarudi nyumbani. Ilinichukua zaidi ya miezi miwili kumshawishi tena, na sikumlaumu, kwani mtu mzima aliyejipa moyo, akavaa, akapanda bodaboda juani, kisha akarudishwa mikono mitupu, ana haki ya kuamini kwamba jambo lenyewe halikuwa na uzito alioambiwa.

Aliyefanikiwa ni muuguzi wa kliniki ya sukari na presha. Siku ya kliniki, wagonjwa wakiwa wamekaa kwenye benchi na kadi zao mkononi, alimaliza kumpima mama presha akamwambia, "Mama, ya kwako ipo leo, na wenzako wanne hawa hapa. Utachanjwa sasa au ukishachukua dawa zako?" Mama angeweza kukataa, na mmoja wa pale benchi alikataa bila kusemwa neno, nafasi yake akaichukua mwingine. Lakini safari ilikuwa imekwisha kufanywa, wenzake walikuwa watu anaowafahamu, na aliyemwambia ni mtu anayemwona kila mwezi.

Baadaye nilijifunza kwamba alichofanya muuguzi yule kimechunguzwa kwa makini. Marekani, watafiti waliwatumia ujumbe wa simu wagonjwa waliokuwa na miadi ya daktari, na ujumbe uliofanya vizuri zaidi ulikuwa ule uliosema kwamba chanjo ya mafua imehifadhiwa kwa ajili ya mhusika. Nchini Denmark, katika msimu wa 2023 na 2024, watu wazima karibu laki tatu wenye maradhi sugu, wa umri wa miaka 18 hadi 64, waliingizwa katika jaribio la barua za kielektroniki: miongoni mwa walioandikiwa, asilimia 39.6 walichanjwa, na miongoni mwa wasioandikiwa, asilimia 27.9. Walioandikiwa mara ya pili walifanya vizuri zaidi. Hilo la mwisho lilinifariji sana, maana nilikuwa nikidhani kwamba kumkumbusha mzazi mara mbili ni kumkosea adabu.

Hata hivyo, usilichukue la Denmark kama lilivyo. Kule barua ilimfikia mtu ambaye chanjo ilikuwa ikimsubiri karibu na kwake, bila malipo, ilhali kwetu chanjo ya mafua haimo katika chanjo za kawaida za taifa, na mara nyingi utaikuta katika hospitali binafsi za miji mikubwa. Kwa hiyo, kabla hujamwambia mama neno lolote, piga simu wewe: uliza kama ipo, bei yake, siku na saa zake, na kama wanaweza kumwekea. Nakusihi asirudishwe kama alivyorudishwa wa kwangu.

Mimi niliiunganisha na safari aliyokuwa ameipanga mwenyewe ya kwenda Dar es Salaam kupimwa macho. Niliacha kumtajia vifo, nikamweleza kuhusu mwili wake: kwamba mafua makali hupandisha sukari hata kwa mtu anayekunywa dawa vizuri, na kwamba utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa hatari ya mshtuko wa moyo huongezeka takribani mara sita katika siku saba baada ya mtu kuthibitika kuwa na homa ya mafua. Kisha nilimwomba mjomba azungumze naye. Sisi Wamwera tunahesabu ukoo upande wa mama, na neno la kaka yake lina uzito ambao langu halitaupata. Mjomba, ambaye naye ana presha na alichanjwa kabla ya kwenda Hija, alimwonyesha bega lake tu.

Jambo moja nililichunga: sikumdanganya. Nilimwambia kwamba mkono ungeuma siku moja au mbili, kwamba sindano hiyo haina virusi hai hivyo haiwezi kumpa mafua, kwamba kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, na kwamba bado angeweza kupata mafua ya kawaida yanayoletwa na virusi vingine. Nilimwambia pia kwamba hurudiwa kila mwaka, kwa kuwa virusi hubadilika. Nawe muulize daktari kama mama aliwahi kudhurika vibaya kwa chanjo yoyote.

Kuhusu korosho, usishindane nazo. Minada huanza Oktoba, na akishaingia humo hatatoka mpaka malipo yatoke. Chagua siku ya kabla ya hapo ambayo tayari ana shughuli mjini, umuulize atapanda gari la saa ngapi na atafuatana na nani, kisha mwambie mtu wa nyumbani aiandike tarehe nyuma ya kadi yake ya kliniki. Umpigie jioni ya kuamkia safari, na umpigie tena kesho yake kumuuliza mkono unaumaje.