Re: Grinhausi ya nyanya na hoho, Ahero: hiyo dipoziti usitume kwanza

Wewe ndugu unayeuliza mbegu gani, tangi la lita ngapi na kama hoho zinanunuliwa vizuri soko la Kibuye pale Kisumu, hebu simama. Pale katikati umetaja juu juu tu ati muuzaji amekupigia kotesheni ya mita 8 kwa 15, ukuta mita 2, nailoni mpaka chini, mlango mmoja, na Ijumaa unalipa dipoziti. Usilipe.

Hiyo ndiyo nilijengewa mimi huku Kisumu, kaunti moja na Ahero yako. Jamaa alikuja na shati limepigwa pasi, picha za mashamba ya Nakuru zimejaa kwa simu, akaniambia funga kila mahali wadudu wasiingie. Hakusema Nakuru iko juu mita 1,850 hivi na sisi tuko 1,130 kando ya ziwa, na kile kinachowapashia wao joto kidogo asubuhi sisi kinatupika. Saa nane mchana themomita inasoma zaidi ya nyuzi 40 humo ndani. Joto likipita nyuzi 35 chavua ya nyanya (ule unga wa ua) inaharibika, ua linakauka linaanguka, na hoho ndio mbaya zaidi, inapukutisha mpaka vitunda vichanga. Jirani aliniomba aanike omena humo na sidhani alikuwa anatania.

Sasa nikampigia yule jamaa. Ati maua yanaanguka kwa sababu ya njaa, ongeza CAN (mbolea ya naitrojeni), na kuna busta fulani, dawa ya kupa mmea nguvu, anayo (ya kuuza, bila shaka). Nikaongeza. Majani yakawa mapana kama sukuma, mti mrefu mpaka kwa waya, matunda hakuna. Yaani nilinunua mbolea ya kulisha majani huku shida ni hewa, na huyo mtu alijua, maana siku ya kujenga fundi wake alimuuliza "hapa juu hatuachi nafasi?" akaambiwa hiyo ni gharama nyingine. Siku hizi nikipiga yuko kwa mitingi. Miaka yote hiyo mitingi haiishi, sijui wanajadili nini.

Kilichosaidia ni kung'oa nailoni ya pembeni yote na kuweka neti ya wadudu kutoka chini mpaka juu, nailoni ikabaki paa tu ya kuzuia mvua, halafu paa likapasuliwa juu kabisa hewa moto itoke, nayo nafasi hiyo ikawekwa neti. Januari na Februari natupia neti ya kivuli ya asilimia 30. Na kwa sababu upepo humo ni mdogo, kila asubuhi jua likishapanda kidogo napita nikitikisa kamba zinazoshikilia miti, maua ya nyanya yanajichavusha yenyewe lakini yanataka kutikiswa. Neti ya matundu madogo inabana hewa, ndiyo maana unaiweka pande zote, si kadirisha kamoja.

Kwa hivyo mwambie huyo muuzaji hivi: ukuta mita 3 kwenda juu, pande zote neti, paa lina pa kutokea joto. Akisema haiwezekani basi tafuta fundi wa kawaida na mbao, usimwonee huruma.

Udongo pia pima mnyauko wa bakteria, ugonjwa wa udongoni unaonyausha nyanya, hasa kama hapo palikuwa na biringanya ama managu, maana ni jamii moja na nyanya.

Kuhusu tangi, sikumbuki ulisema una miche mingapi ya kumwagilia. Piga hiyo kotesheni picha uweke hapa kabla ya Ijumaa.