14.6 mara nne

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Muheza hatujambo. Goti la mama yako limetulia kidogo tangu alipoanza kukandwa, na machungwa yameshaanza kushuka bei, yanamwagwa barabarani kama kawaida yake. Hofu ni kwako huko Mwanza na wajukuu.

Swali lako la juzi sikulijibu kwenye simu kwa makusudi. Uliniuliza: "Baba, wewe uliwezaje kupima mvua kila siku miaka ishirini na sita, na mimi makala moja tu ya mtandaoni kwa wiki inanishinda?" Nikasema nitakuandikia, ukacheka, ukaona nimekwepa. Sikukwepa. Nilitaka kwanza nikayatoe yale madaftari kabatini, maana kumbukumbu ya mzee hupenda kumsifia mwenyewe.

Nimeyatoa. Na la kwanza la kukwambia ni kwamba sikupima kila siku.

Unakikumbuka kile kipimamvua cha shuleni, nyuma ya nyumba ya mwalimu mkuu, ndani ya uzio mdogo wa waya? Mdomo wake ni inchi 5 tu. Ndani kuna faneli, chini ya faneli kopo, na pembeni kulikuwa na bilauri nyembamba ya kioo yenye mistari, kila mstari sehemu ya kumi ya milimita. Kazi yenyewe ni dakika tano. Saa tatu kamili asubuhi unakwenda, unafunua, unamimina maji ya kopo kwenye bilauri, unainama mpaka jicho liwe sawa na maji, unasoma, unaandika kwa penseli. Kalamu ya wino haifai, tone moja la mvua likidondokea ukurasa mwezi mzima unageuka wingu la buluu. Mwisho wa mwezi unajaza kadi, unaipeleka kwa watu wa hali ya hewa. Nilianza 1984, nikaacha 2010 nilipostaafu.

Sasa daftari la 1991. Mwezi wa Aprili, masika yamekolea, akafariki babu yako mzaa mama kule Pangani. Tukaondoka usiku, hakuna aliyekumbuka kopo. Siku nne. Niliporudi nikakuta maji, nikayapima: 58.4. Utaratibu ulikuwa wazi na niliufundishwa: unaandika jumla hiyo kwenye siku uliyopima, unaweka alama kwamba ni mvua ya siku nne zilizokusanyika, na zile siku nyingine unaziacha wazi. Nafasi tupu maana yake hakuna aliyetazama. Basi. Si dhambi.

Lakini mimi sikutaka doa kwenye kadi yangu. Miaka saba sikuwa na nafasi tupu hata moja, nilijivunia hilo kuliko mshahara. Nikachukua 58.4, nikagawa kwa nne, nikaandika 14.6, 14.6, 14.6, 14.6. Ni hesabu safi ya mwalimu wa darasa la tano.

Miezi miwili baadaye akaja bwana mmoja wa kukagua vituo. Hakusema neno. Akaweka kadi yangu mezani, akaweka kadi za vituo viwili vya jirani pembeni yake. Wao siku tatu walikuwa na sifuri, na usiku mmoja mvua kubwa. Mvua ya masika haigawiwi kama posho, mwanangu. Yule bwana akanywa chai yake, akasema tu, "Mwalimu, hapa kwako mvua ina adabu sana." Mpaka leo nikiikumbuka sauti ile masikio yananiwaka.

Nakusimulia haya kwa sababu ya zile makala zako tatu za mwezi wa nne. Ulikuwa umekaa kimya wiki tatu, ukaona aibu, ukaja ukatoa tatu kwa siku moja kufidia. Nilizisoma zote. Ile ya kwanza, ya kusonga bada, ugali wetu wa muhogo, ilikuwa yako: nilimwona bibi yako kabisa, amebana sufuria kwa miguu, na ule mvuke wa unga wa muhogo. Mbili zilizofuata zilikuwa 14.6. Ulizijaza ili pasionekane tupu. Na baada ya hapo ndipo ulipoishiwa pumzi kweli, ukakaa wiki tano. Kilichokuchosha ni lile deni ulilojiandikia mwenyewe, maana hakuna aliyekudai. Wiki iliyopita imepita. Iache wazi, andika ya wiki hii.

Sifuri nayo ni kitu kingine kabisa, na hapa ndipo watu wengi huchanganya. Ukifungua madaftari yangu ya Januari na Februari utakuta 0.0, 0.0, 0.0 ukurasa mzima. Wanafunzi walikuwa wakinicheka, "Mwalimu anakwenda kupima jua." Vuli ya 2005 ilipokataa, ile iliyofuatiwa na mgao wa umeme nchi nzima, niliandika sifuri nyingi kuliko mwaka wowote, na niamini, hizo ndizo zilizohitajika zaidi baadaye. Sifuri inasema: nilikwenda, nikafunua, nikatazama, hapakuwa na kitu. Ni habari kamili.

Kwa hiyo Jumapili unapokaa mezani saa nzima ukatoka na mistari miwili mibovu, usiseme hukuandika. Umepima, umepata sifuri. Iandike hiyo kwenye daftari lako: tarehe, na ulichokuwa unakitafuta. Siku ambayo hukukaa kabisa, hiyo ndiyo tupu. Mimi ningependa baada ya mwaka unionyeshe daftari lenye sifuri ishirini kuliko makala ishirini ulizozilazimisha.

Halafu saa. Ulisema unaandika "ukipata hamu". Hapo ndipo penye ugonjwa wote. Mimi hamu ya kwenda kutazama kopo tupu la bati sikuwa nayo, na nani angekuwa nayo? Lakini saa tatu ni saa tatu. Kengele ya mapumziko ya kwanza ilikuwa karibu na hapo, mwili wenyewe ukajua: nikisikia watoto wanatoka, miguu inakwenda nyuma ya nyumba ya mwalimu mkuu. Mwaka wa kwanza nililazimisha. Mwaka wa tatu, siku za likizo, nilijikuta nasimama uani bila kujua nimesimamia nini. Wewe una kengele zako. Uliniambia Jumapili baba watoto anawachukua wanao kwenda kwao, nyumba inabaki na wewe mpaka adhuhuri. Hiyo ndiyo kengele. Mlango ukifungwa, unakaa. Usianze kwa kufua.

Na jambo uliloanza nalo Januari, makala tatu kila wiki, sikulipinga wakati ule kwa sababu hukuniuliza. Wewe ni mhasibu. Mwisho wa mwezi unafunga hesabu mpaka saa nne usiku. Mtu wa namna hiyo akijipangia makala tatu amejipangia kushindwa, na kushindwa nako huwa mazoea. Moja kwa wiki, na ile wiki ya kufunga hesabu toa fupi, aya mbili, jambo moja ulilosikia sokoni Kirumba. Hata sisi manyunyu yasiyofika mstari wa kwanza tulikuwa na alama yake, hayakudharauliwa.

Usiniambie kazi inakula muda. Shaaban Robert wa hapa hapa kwetu Tanga aliingia kazi ya serikali ya mkoloni mwaka 1926, akawa karani sehemu kubwa ya maisha yake, na alifariki 1962 akiwa na miaka 53 tu. Vitabu vyote vile vimeandikwa na mtu aliyekuwa na bosi. (Najua utasema yeye hakupika wala hakuogesha watoto. Kweli. Mwambie mumeo nimesema.)

Baada ya aibu ile ya 1991 nilimfundisha mama yako kusoma bilauri. Yeye ana jicho zuri kuliko langu, na hakuwa na kiburi cha kadi. Tangu hapo nikienda semina, nikiugua malaria, kopo lina mtu. Kwa hiyo nikisema "nilipima miaka ishirini na sita", sehemu yake ni ya mama yako, na naona sijawahi kumshukuru kwa maandishi. Wewe huwezi kumpa mtu akuandikie, lakini unaweza kuweka akiba. Wiki ambayo maneno yanakuja yenyewe, andika mbili, moja ifungie. Ukiwa na mbili zilizofungiwa, mtoto akipata homa Jumamosi huna wasiwasi. Ukiitumia moja, irudishie kabla hujatumia ya pili. Hiyo ni akiba, na haifanani na zile tatu za mwezi wa nne. Wewe mhasibu unaielewa tofauti.

Sasa hilo la wasomaji, ambalo nadhani ndilo linalokuuma hasa. Umesema miezi mitano, wasomaji 41, na kila asubuhi unatazama simu kama wameongezeka. Pale shuleni alikuja mwalimu kijana, nikamkabidhi kipimamvua nilipokwenda likizo. Alikuwa na bidii mno. Mvua ikianza tu anakimbia kufunua, kila nusu saa, aone imefika ngapi. Kila akifunua, matone ya faneli yanamwagika pembeni, mengine yanakauka. Jioni alikuwa na kipimo kidogo kuliko mvua iliyonyesha. Kile chombo kimetengenezwa kufunikwa. Tazama hesabu ya wasomaji wako mara moja kwa mwezi, siku ya kufunga hesabu, uiandike na uendelee. Na uilinganishe na mwezi kama huo wa mwaka jana, utakapokuwa nao, maana masika hayalinganishwi na kiangazi. Watu wa hali ya hewa duniani kote wanahesabu wastani wa mahali kwa miaka 30. Wewe una miezi mitano na umeshatoa hukumu.

Miaka kumi na tatu ya mwanzo hakuna mtu, ukiacha yule mkaguzi, aliyewahi kuniuliza kuhusu namba zangu. Kisha ikaja ile mvua ya El Niño, mwishoni mwa 1997 kuingia 1998. Daraja letu likaondoka, barabara ikakatika, na ghafla uani kwetu kukawa na wageni: mtu wa barabara anataka kujua mvua kubwa kuliko zote ya siku moja, mzee wa mashamba anabishana kwamba mwaka wa nyuma ilikuwa zaidi, nikimfungulia ukurasa ananyamaza. Wote walikuja kwa ajili ya kurasa za zamani, zile nilizoziandika wakati hakuna anayetazama.

Ndiyo maana nakusihi uzitunze makala zako za zamani. Ile ya bada uliitoa mwezi wa nne, na yule dada wa Korogwe amekuandikia juzi, baada ya miezi miwili, akikusahihisha kwamba kwao maji huchemka kwanza. Rudi uirekebishe, weka na maneno yake, mjibu. Vichwa vyako pia vinaficha mambo. Uliita "Kumbukumbu ya moshi", nani atajua ni bada? Mtu anayeitafuta bada usiku wa manane akiwa Muscat hataandika moshi.

Nafikiri nimejibu. Mama yako anasema nimeandika hotuba, na anataka uandike juu ya visheti vya bibi yako kabla yeye mwenyewe hajasahau vipimo. Mpigie, usinitegemee mimi, huwa nalala.

Kuna mfuko nimempa kondakta wa basi la Mwanza, utafika keshokutwa. Una machungwa, na chini ya machungwa kuna daftari la 1991 ndani ya gazeti. Fungua Aprili. Zile 14.6 nne nilizipiga mstari siku ile ile mkaguzi alipoondoka, juu yake nikaandika 58.4, siku nne. Penseli imefifia lakini inasomeka ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga. Ukimaliza kulitazama nirudishie, bado ni mali ya shule.

Baba yako