Kikamulio kinanguruma bila kuzunguka: anza na kapasita

Usinunue mota bado. Kwenye mashine ya kufulia ya matangi mawili, mngurumo unaonyesha umeme unafika, kwa hiyo taima na swichi ya mfuniko ni nzima. Chomoa plagi, funga mfuniko (ukiwa wazi breki inashika), halafu jaribu kuzungusha pipa kwa mkono kupitia chini, kwenye shafti ya mota.

Ikienda laini, karibu kila mara ni kapasita iliyochoka (kifaa kidogo kinachotunza umeme na kuipa mota msukumo): mota inakosa msukumo wa kuanzia. Ya kukamulia huwa ndogo, mara nyingi mikrofaradi (kipimo cha kapasita) 4 hadi 6. Ya kufulia ni kubwa zaidi. Zikiwa kwenye boksi moja utaona namba mbili, mfano 10+5, na zote lazima zilingane na za zamani, pamoja na volti, mara nyingi 450. Ondoa chaji (umeme uliobaki ndani ya kapasita) kabla ya kugusa nyaya.

Ikiwa nzito, tazama waya wa breki: ukilegea, breki haiachii hata mfuniko ukifungwa. La sivyo sili (mpira unaozuia maji kwenye shafti) imechakaa, maji yameshukia mota na shafti imeshika kutu. Hapo badili sili kwanza, maana kapasita mpya haitasaidia kitu.